Honazi Kabla ya Jasho



Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Itakuja, msinitumie barua pepe za matusi. Lakini kuna jambo limenikwama kooni wiki nzima, na nisipolitoa sitaandika hata mstari mmoja wa kodi (kodi ya programu, si ile ya KRA, hiyo tunalipa tupende tusipende).

Binamu yangu amepata nafasi ya kusomea sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu kimoja cha umma huko Marekani. Chuo chenyewe sikitaji. Baada ya barua ya kumpokea ikaja ya pili, imepambwa kwa rangi ya dhahabu, ikimwalika ajiunge na chuo cha honazi kilichomo ndani ya chuo kikuu hicho hicho. Shangazi akaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp na kuniandikia: "Wewe ndiye msomi wa kompyuta, tueleze hii ni kitu gani, na mbona bweni lake ni ghali kuliko la wenzake?"

Nimeisoma orodha ya faida walizomwahidi, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma kodi ya mtu mwingine kabla ya kuipitisha. Bweni lake peke yake. Kujisajili kwa masomo mapema. Mshauri wake wa masomo. Madarasa madogo. Tasnifu mwishoni. Kuazima vitabu vya maktaba kwa muda mrefu zaidi. Baadhi ya mambo haya ni elimu. Mengi si elimu hata kidogo, ni nafasi ya mbele kwenye foleni. Na msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: chuo cha umma hakina haki ya kugawa nafasi za mbele za foleni kwa alama alizopata mtoto akiwa na miaka 17, kisha kikaziita elimu bora.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe linawachanganya Wakenya wengi. Kiswahili tunayo "shahada ya heshima", lakini hiyo ni ile anayopewa mheshimiwa fulani bila kukanyaga darasani, akavalishwa joho na kuanza kujiita daktari siku hiyo hiyo. Siyo hiyo. Nitasema honazi, tuelewane. Sisi tuliorithi mtindo wa Waingereza, honazi inakuja mwisho. Unasota miaka minne, unakusanya alama, na siku ya mahafali unasomewa daraja lako: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini. Yote hayo yanaandikwa honazi kwenye cheti. Ni matokeo ya kazi uliyokwisha kuifanya. Chuo cha honazi cha Kimarekani ni kinyume: jina unalipata kabla hujahudhuria hata somo moja. Unaingia tayari ukiwa nalo, pamoja na ufunguo wa chumba. (Haki yao niseme: vyuo vingi huruhusu mwanafunzi kuomba kuingia baadaye, baada ya muhula wa kwanza au mwaka wa kwanza. Lakini kufikia hapo, bweni la mwaka wa kwanza limeshagawiwa.)

Haikuanza hivi. Mbegu ilipandwa na bwana mmoja aitwaye Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Akiwa mkuu wa chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania alianzisha mpango wa honazi mwaka 1922. Wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho waliochaguliwa waliacha mihadhara ya kawaida, wakakaa kwenye semina ndogo za kusoma na kubishana, na mwishoni wakatahiniwa na wasomi waliotoka nje ya chuo, watu wasiowajua na wasiokuwa na sababu ya kuwahurumia. Tazameni vizuri zawadi yenyewe ilikuwa nini: kazi zaidi, na mtihani mgumu zaidi. Hilo sina ugomvi nalo. Mtu akiomba kubebeshwa mzigo mzito, mbebesheni.

Vyuo vikubwa vya umma vikaiga. Chuo Kikuu cha Oregon kilianzisha chuo chake cha honazi mwaka 1960, miongoni mwa vya kwanza vya aina hiyo. Baadaye, ushindani wa kunyang'anyana wanafunzi wenye alama za juu ulipopamba moto, maana ya neno ikaanza kuhama. Semina zilibaki, ila hazikutosha kumvuta mtoto aliyekuwa pia na barua ya chuo cha binafsi chenye jina. Ikabidi atafutiwe vivutio vingine. Hapo ndipo yakaingia mabweni.

Chukueni mfano ulio wazi kabisa, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Hiki ni chuo cha umma chenye wanafunzi zaidi ya 70,000 kwenye kampasi zake, na katika hati yake rasmi kinajigamba kwamba kinapimwa kwa wale kinaowaingiza, si kwa wale kinaowafungia nje. Maneno matamu, nami nayapenda kweli. Ndani ya chuo hicho kuna chuo cha honazi cha Barrett, kilichoanzishwa mwaka 1988, chenye wanafunzi takriban 7,000. Mwaka 2009 kikafungua makazi yake huko Tempe: ekari 9, zilizojengwa kwa takriban dola milioni 140, vitanda kama 1,700, ukumbi wake wa kulia, madarasa yake, chumba chake cha mazoezi, na ofisi za walimu humo humo. Mji mdogo ndani ya mji. Mwanafunzi wa Barrett hulipa ada ya honazi juu ya karo ya kila mtu. Huko Penn State, chuo cha honazi cha Schreyer kina kumbi mbili za makazi, Atherton na Simmons. Orodha ni ndefu, na mara nyingi jengo jipya zaidi kwenye kampasi ndilo la honazi, na mara nyingi ndilo la bei ya juu.

Shangazi, jibu lako la bei ndilo hilo. Unalipia saruji mpya.

Lakini bei siyo kinachoniuma zaidi. Mimi nimesoma hapa nyumbani, chuo cha umma (nacho sikitaji). Nafasi za hosteli zilifunguliwa kwenye tovuti saa sita usiku, seva ikalala saa sita na dakika mbili, na aliyepata chumba alikuwa yule aliyekesha saiba akibonyeza kitufe hadi kidole kikaota sugu. Ulikuwa mfumo wa hovyo. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo nimekuja kulithamini baadaye: haukujua nani alipata A na nani alipata C+. Mimi nikatupwa chumba kimoja na jamaa wa uhandisi aliyekuwa ameanza kuchezea Linux tangu kidato cha pili. Kila nilichojua kuhusu mfumo endeshi hadi mwaka wa tatu nilikipata kwenye ule ushoroba, saa nane za usiku, yeye akinicheka na kunielekeza. Mhadhiri alikuja kuthibitisha tu. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hakuwa na tarakilishi yake mwenyewe, alijifunza Python kwa kukaa nyuma yangu nikiandika. Leo analipwa kuniliko mimi, na nimemsamehe.

Sasa fikirieni bweni kama mtandao. Kila mwanafunzi ni nodi. Maarifa yanapita kutoka nodi moja hadi nyingine kwa sababu zimeunganishwa, na zimeunganishwa kwa sababu zinatumia bafu moja, meza moja ya chakula, soketi moja ya umeme. Halafu anakuja mtu mwenye bajeti, anachomoa nodi zenye kasi zaidi, anaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwenye jengo lenye ukumbi wake wa kulia. Zile zilizobaki zimepoteza nini? Hakuna anayepima. Ripoti ya chuo cha honazi itakuambia jinsi wakazi wake wanavyosaidiana vizuri ajabu. Bila shaka wanasaidiana! Swali ni nani anamsaidia yule wa jengo la zamani aliyekwama kwenye viashiria vya C usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Haya, tuje kwenye foleni yenyewe, maana hapa watengeneza programu tuna neno la kusema kuliko wote.

Katika vyuo vingi vya Marekani hujisajili masomo wakati unaotaka. Unapewa saa yako ya kuingia kwenye mfumo. Kwa kawaida saa hiyo inategemea krediti ulizokwisha maliza: wa mwaka wa nne huingia mbele, kisha wa tatu, na mwisho wageni wa mwaka wa kwanza. Hilo ni jambo la busara, na ukisoma sura ya kugawa muda wa prosesa katika kitabu chochote cha mifumo endeshi utakutana nalo. Foleni ya kipaumbele ina ugonjwa mmoja unaojulikana: mchakato wenye kipaumbele cha chini unaweza kufa njaa, yaani unangoja milele kwa sababu kila mara anatokea mkubwa wake. Dawa yake inaitwa kuzeeka. Kadiri mchakato unavyongoja ndivyo kipaumbele chake kinavyopandishwa, mpaka zamu yake ifike. Kusajili kwa krediti ndiko kuzeeka kwenyewe. Aliyengoja zaidi, na aliye karibu kumaliza, anapita.

Usajili wa mapema wa honazi unaitupa dawa hiyo dirishani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa honazi anaweza kuingia kwenye mfumo kabla ya mwenzake wa kawaida aliyemtangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Kuna wengine wanaopewa nafasi ya mbele, na sina neno nao: wanamichezo, kwa kuwa saa zao za mazoezi zimepangwa na kocha, wanafunzi wenye ulemavu, kwa kuwa darasa la ghorofa ya nne si sawa kwa kila mtu, waliotoka jeshini, kwa kuwa malipo yao ya karo yamefungwa kwenye masharti. Kila mmoja ana sababu inayohusu ratiba. Wa honazi ana sababu gani ya ratiba? Ana alama nzuri. Alama nzuri hazikufanyi ushindwe kuingia darasa la saa mbili asubuhi.

Wapo watakaoniambia: basi, si jambo kubwa, mwanafunzi wa kawaida atachukua somo hilo muhula ujao. Anayesema hivyo hajasomea sayansi ya tarakilishi. Masomo yetu ni mnyororo. Huwezi kuchukua algoriti kabla ya miundo ya data, huwezi kuchukua mifumo endeshi kabla ya yote mawili. Ukikosa kiti cha miundo ya data muhula wa kwanza, umeukosa mnyororo mzima mwaka huo. Na fani hii imejaa: idara nyingi za tarakilishi Marekani zimekuwa na waombaji wengi kuliko viti.

Kwa mtoto aliyetoka Kenya kuna kitanzi kingine ambacho barua ya rangi ya dhahabu haikitaji. Mwenye viza ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza lazima, kwa kawaida, asajili angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo somo moja tu la mtandaoni, yaani krediti 3, ndilo linalohesabiwa. Akipungukiwa bila ruhusa, viza yake iko hatarini. Sasa mweke huyo mwisho wa foleni. Anaingia kwenye mfumo, miundo ya data imejaa, hesabu za uwezekano zimejaa. Mwenzake wa jimbo lile lile anaweza kusema, sawa, muhula huu nitasoma masomo mawili, nifanye kazi dukani. Wetu hawezi. Atajaza krediti 12 kwa chochote kilichobaki, historia ya muziki wa roki ikibidi, na atalipia kila krediti kwa kiwango cha mtu wa nje ya jimbo, ambacho katika vyuo vya umma huweza kuwa mara mbili au tatu ya kile cha mwenyeji. Hatafanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ni kazi ya ndani ya kampasi tu. Miaka minne inakuwa mitano. Ule mwaka wa tano unalipiwa na shamba la mtu huko Nandi.

Ndiyo maana nilimwambia binamu akubali ule mwaliko. Ndiyo, nilimwambia akubali, na mnaotaka kuniita mnafiki sanduku la maoni liko wazi. Ukimkuta mtu anagawa miavuli kwa upendeleo na mvua inanyesha, utachukua mwavuli na utamwambia kwamba anagawa vibaya. Ila nilimtaka aandikie ofisi yao kwanza na kuuliza mambo waziwazi: ada ya honazi ni kiasi gani kwa muhula na inapanda vipi, je, analazimika kukaa kwenye bweni lao, na kwa miaka mingapi, wastani wa alama ukishuka chini ya kiwango chao anapoteza nini na lini, hasa kama kuna ufadhili uliofungwa humo, na kama asipoandika tasnifu, zile krediti za semina zinahesabiwa kwenye shahada ya tarakilishi au zinaelea hewani. Hilo la mwisho watu hulisahau.

Sasa niwasimulie habari ya wakuu wawili wa Intel, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya kwa hasira badala ya upole.

Andrew Grove alikimbia Hungaria baada ya machafuko ya mwaka 1956 na kufika New York mwaka 1957, hana pesa. Aliingia City College of New York, akasomea uhandisi wa kemikali, akahitimu mwaka 1960. Mwaka huo huo, chuo hicho hicho, alihitimu kijana wa uhandisi wa umeme aitwaye Robert Kahn, ambaye baadaye pamoja na Vint Cerf alibuni TCP/IP, ile lugha ambayo ukurasa huu umeitumia kukufikia. Wote wawili walisoma bure. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1847 kwa jina la Free Academy, na kwa zaidi ya karne moja wanafunzi wake wa mchana wa jiji hilo hawakulipa karo. Sisemi kilikuwa pepo. Wanawake hawakuruhusiwa katika idara zote mpaka mwaka 1951, na mlango wake ulikuwa wa alama za sekondari, tena alama kali, hadi mwaka 1970 ulipofunguliwa kwa upana. Lakini ukishaupita mlango ule, ndani hapakuwa na mlango wa pili wa waliobarikiwa. Wala hapakuwa na bweni la kugombania, wengi walikuja kwa treni ya chini ya ardhi kutoka kwa mama zao na kurudi kulala huko huko.

Mwaka 1976 jiji likiwa limefilisika, karo ikaanza kutozwa. Mwaka 2001 vyuo vya jiji, ambavyo City College ni kimoja wao, vikaanzisha chuo cha honazi, ambacho leo kinaitwa Macaulay kwa jina la wafadhili waliotoa dola milioni 30 mwaka 2006. Faida zake kubwa ni zipi? Mwanafunzi aliyechaguliwa, akiwa mkazi wa New York, halipi karo. Anapewa na kipakatalishi. Kile ambacho Grove na Kahn walikipata kwa sababu tu walikuwa wanafunzi, leo ni zawadi ya wachache, na tunatakiwa tupige makofi.

Grove aliongoza Intel hadi mwaka 1998, akampokeza Craig Barrett. Mwaka 2000 Barrett na mkewe walitoa dola milioni 10 kwa chuo cha honazi cha Arizona, na ndipo kikapata jina lake. Mwaka 2005 Grove alitoa dola milioni 26 kwa City College, kwa shule ya uhandisi yote, pamoja na yule mwenye alama za wastani anayesoma usiku. Pesa ni zao wote wawili, wazitoe wapendako. Lakini mimi nikiulizwa ni ipi kati ya zawadi hizo inayoelewa jinsi wahandisi wanavyopatikana, sihitaji kufikiri. Yule mkimbizi wa mwaka 1957, na Kiingereza chake cha kubahatisha, angefanya vipi kwenye SAT na insha ya kujieleza kwa maneno 500? Na msichana wa shule ya kutwa kaunti ya Turkana aliyeona karatasi ya SAT kwa mara ya kwanza siku ya mtihani je?

Najua utetezi wao, nimeusikia kutoka kwa marafiki waliopita huko, na baadhi ni watu ninaowaheshimu. Wanasema mtoto mwerevu wa familia maskini anapata, kwa karo ya chuo cha umma, elimu inayokaribia ile ya chuo cha binafsi cha mamilioni. Ni kweli, na ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Ila hebu tuifuatilie hadi mwisho. Ikiwa semina ya watu 20 ndiyo njia bora ya kumfundisha mwerevu, mbona asiye mwerevu apelekwe kwenye ukumbi wa watu 300? Mwerevu angefaulu hata ukimfundishia chini ya mwembe. Anayehitaji mwalimu amjue kwa jina ni yule anayeyumba. Huko Barrett wa mwaka wa kwanza wote hupitia semina ya mihula miwili, wanasoma maandishi makuu ya binadamu na kubishana. Jambo zuri mno! Basi mpeni na yule wa jengo la zamani.

Pia watakuonyesha takwimu: wahitimu wa honazi wanapata kazi nzuri, wanaingia shahada za uzamili. Jamani, sisi ni watu wa programu, tusidanganywe kirahisi. Huwezi kulinganisha programu mbili kwa kuendesha moja kwenye mashine mpya na nyingine kwenye Pentium kuukuu, kisha ukasifu kodi. Umechagua walio na kasi, halafu unashangaa wanakimbia. Wanauchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu vyuo vyenye ushindani mkali wa kuingia (siyo honazi hasa, lakini mtego ni ule ule). Waliwalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, wengine wakaenda vile vya majina makubwa na wengine wakachagua vya kawaida. Kwa wengi mapato ya baadaye hayakutofautiana sana. Waliofaidika waziwazi kwa kuingia kwenye vyuo vya majina walikuwa wale waliotoka familia za kipato cha chini. Yaani anayehitaji mlango ufunguliwe ni yule ambaye kwa kawaida hana wa kumwambia kwamba mlango upo.

Ninachotaka kwa vyuo hivi si wavunje majengo yao. Ekari 9 zimeshajengwa, kaeni humo. Gawieni vitanda kwa bahati nasibu kwa wa mwaka wa kwanza wote wanaoviomba. Rudisheni usajili kwenye krediti. Tasnifu na semina ngumu ziacheni kwa yeyote atakayejitokeza na kuzistahimili, na honazi mpeni siku ya mwisho, akishatoka jasho. Na kama hamtaki hata hayo, chapisheni namba moja tu kila muhula, karibu na ile picha ya wanafunzi wanaocheka kwenye nyasi: wanafunzi wangapi wa kawaida walikosa kiti katika somo la lazima, na wangapi wa honazi walikikosa. Namba zote mbili ziko kwenye hifadhidata ya usajili. Ni hoji moja, mistari kama mitano ya SQL, naweza kuwaandikia bure.

Nikitaja SQL nimekumbuka, sehemu ya pili inakuja Jumanne, inahusu faharasa. Wenye watoto au wadogo zao walioko huko kwenye vyuo vya honazi, au waliokataa kuingia, niandikieni hapa chini mlivyoona, hasa kuhusu bei za vyumba.